Mlango wa Matusi ya Lugusha

Usingizi unampata Havijawa mchana kweupe, nyumba imejaa watu mpaka barazani, na kama hujawahi kulala kwenye nyumba ya msiba basi nikwambie, hakuna kitanda kitamu kama rundo la magodoro ya kuazima. Ameingia chumba cha ndani, ameshusha pazia lenye maua mekundu, ameegemea magodoro, kompyuta iko mapajani, na ana kazi moja tu ya kumaliza kabla ya alasiri. Nje ya pazia wanawake wanakaanga vitunguu huku wakimsema kila aliyechelewa kufika na kila aliyefika mapema mno. Uani wanaume wamekaa kwenye mabenchi wanamsubiri marehemu, maana marehemu mwenyewe bado yuko hospitali, chumba cha baridi, hajatolewa. Marehemu ni Mzee Lugusha, Mnyamwezi mnoa visu wa mtaa wa Misufini, mtani wa nyumba hii ya Kizaramo tangu Havijawa hajazaliwa, na mjini hapa hana ndugu wa damu hata mmoja. Na aliyemfungia njia, ukitaka kusema kweli bila kumung'unya, ni Havijawa mwenyewe.

Mambo yalivyokuwa ni hivi. Chama cha kuzikana cha Misufini kina mashine, na mashine hiyo kaitengeneza Havijawa, binti wa marehemu Mkwela, msomi wa kompyuta ambaye mtaa mzima unajivunia utadhani walimsomesha kwa mchango. Wakaipa jina wenyewe, Bi Kujua. Kazi ya Bi Kujua ni kujua nani ni nani kwa nani: nani mtoto wa nani, nani mke wa nani, na fulani akifa nani anakuwa mwenye msiba, ili makao makuu ya umoja wa vyama, huko mbali wasikomjua mtu, wapate kutoa gari na sanda na nafasi makaburini bila maswali mengi. Kumlisha Bi Kujua, Havijawa alizunguka na simu yake kwenye baraza, kwenye harusi na kwenye matanga, akirekodi watu wanavyozungumza, akachukua na zile kanda za zamani za misiba zilizokuwa makabatini, kisha akavunjavunja mazungumzo yote yakawa ukweli mdogomdogo, fulani ni hivi, fulani ni vile, akauchambua kama mchele na kuumwaga wote kwenye ungo mmoja. Asubuhi ya leo Bwana Kamugisha wa makao makuu, mtu mpole asiye na neno na mtu, kamuuliza Bi Kujua, Lugusha ni nani kwa watu wa Misufini? Bi Kujua hakupepesa. Ni adui wa nyumba ya Mkwela. Alimwita Mkwela mtumwa wake. Alidai mjane wa Mkwela ni mke wake. Alilala kwenye jeneza la Mkwela akakataa kutoka. Maneno yote hayo Lugusha aliyasema kweli, na jeneza alilala kweli, siku ya msiba wa baba yake Havijawa, na watu walicheka wakashika mbavu, maana ndiyo kazi ya mtani msibani, kutukana mpaka kilio kipate pa kupumulia. Lakini kwa mtu aliyeko mbali anayesoma kwenye kioo, huyo si jirani wa kumzika, huyo ni jambazi.

Bwana Kamugisha akapiga simu. Dada, akasema, mimi mzee huyu simjui, nasoma ninachoonyeshwa. Nirekebishie kabla ya alasiri, la sivyo gari silitoi, na manispaa watamzika wanavyojua wao. Havijawa akaona jambo dogo, atafuta yale matusi, basi. Akajaribu kwanza pembeni, kwenye nakala ya Bi Kujua. Akayaondoa, akamuuliza Bi Kujua, Lugusha ni nani? Bi Kujua akajibu, simjui. Akauliza tena kwa njia nyingine, jibu lile lile, simjui, simjui. Kwa sababu Lugusha katika maisha yake yote ya Misufini hakuwahi kumwambia mtu wa mtaa ule neno lililonyooka. Kusalimia kwake ni kutukana, kubembeleza kwake ni kutukana, na ukimwondolea matusi hakuna kinachobaki. Kwa hiyo ama azikwe kama adui, ama azikwe kama mtu ambaye hakuna aliyemjua. Hapo ndipo kidole cha Havijawa kinapogoma juu ya kitufe, na baada ya kidole kugoma, macho nayo yanagoma.

Pazia linapepea. Havijawa anainuka, anapita, na nyuma ya pazia kuna pazia jingine lenye maua mekundu yale yale, analipita, kuna jingine, sauti za vitunguu na umbea zinazidi kuwa mbali kila anapofunua, mpaka pazia la mwisho linamtema kwenye uwanja. Uwanja hauna mti, hauna ukuta, hauna kibanda, na jua limesimama utosini kiasi kwamba hakuna chenye kivuli. Uwanja umejaa watu, lakini akisogea anaona si watu, ni maneno yaliyosimama kama watu, na yote yako uchi. Hakuna hata moja lililovaa msemaji wake, wala siku yake, wala mahali pake. Mvua Inanyesha kamkaba koo Mvua Hainyeshi, wanagaragazana vumbini, na wote wawili ni wakweli watupu, mmoja alisemwa kwenye harusi ya masika na mwingine kwenye kiangazi cha mwaka mwingine, lakini nani atawaamua? Neno Kesho limekaa chini linalia, halijui ni kesho ya leo ipi. Mjomba anatembea kifua mbele, amekuwa mjomba wa uwanja mzima, kila anayempita analazimika kumwamkia. Havijawa anacheka, halafu kicheko kinamkwama, kwa sababu ameutambua uwanja. Huu ndio ungo wake. Ameujenga mwenyewe, akauita safi. Na pale katikati, juani, yamesimama mawili anayoyajua vizuri mno: Mkwela Ni Mtumwa, ameinamisha kichwa, na pembeni yake Mjane Wa Mkwela Ni Mke Wa Lugusha, ameficha uso kwa viganja. Wanamwangalia. Hakuna anayecheka karibu yao. Vile vicheko vya siku ile hakuvichukua, alivikata na kuvitupa, aliona ni kelele tu.

Umewaleta huku bila nguo, sauti inamwambia. Havijawa anageuka, anamwona mtu mwenye jiwe la kunolea begani na uso laini kama kitako cha sahani, hauna pua wala jicho wala mdomo, na sauti haijulikani inatokea wapi. Anamuuliza, wewe ni nani? Mtu yule anamjibu kwamba inategemea amemsikia akiwa wapi. Anamuuliza, nani kakutuma? Anajibiwa kwamba katumwa na aliye ndani anayesemwa na walio nje. Havijawa, mtoto wa mjini, mafumbo hayampendezi mtu mwenye haraka, anamwambia, mzee wangu, alasiri inaniingilia, kama una la kunisaidia nisaidie. Basi tegua hiki, anasema yule. Nina chakula, ukikila ndani ya nyumba unashiba na kucheka, ukikitoa nje ya nyumba kinakuwa sumu, na mpishi ni mmoja, chungu ni kimoja. Kitu gani? Havijawa anasema hajui. Nilijua hujui, anasema yule, ungekuwa unajua usingekimwaga juani. Twende. Anaanza kutembea, na uwanja unakunjika nyuma yake kama mkeka.

Barabara inakuja yenyewe chini ya miguu yao, haina mwanzo, na kila wakifika kona inakuwa ndefu zaidi. Halafu mji unachomoza, na ni mji uliopo mara mbili, kulia na kushoto ya barabara, kama mtu na kioo chake: nyumba ya kulia ina pacha wake kushoto, dirisha kwa dirisha, jiko kwa jiko. Lakini ukisikiliza unagundua mapacha hawafanani mioyo. Kulia kuna nyumba ya harusi, wanawake wanaimba kwamba bwana harusi ni mwizi, mwizi mkubwa, katuibia binti, na bwana harusi anainama kwa haya na kufurahi. Kushoto kuna kituo cha polisi, ametulia mtu kwenye benchi, na neno lile lile, ni mwizi, limemkalia kichwani kama gunia. Neno ni moja. Havijawa anavuka barabara kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, analitazama lile neno usoni kila upande, na anaona kweli ni moja, hata kovu lake ni lile lile, ila huku linanuka marashi na huku linanuka jasho. Anataka kuuliza linavyofanya. Yule asiye na uso anamwonyesha milango.

Na hapo, ndugu msomaji, ndipo Havijawa anaposimama mdomo wazi. Kwenye kila mlango wamekaa akina mama wawili juu ya vibao vya mbuzi, vile vya kukunia nazi, wamejaza kizingiti kwa makalio na maneno, pembeni yao tenga la kanga. Kila neno linalotaka kutoka nyumbani linapita kwao, na wao hawaachi kuongea hata mara moja lakini mikono yao haikosei. Hili linatoka wapi, shoga? Kwa watoto wanaocheza, linasema huyu amekufa. Basi mle ndani amekufa, akitoka huku nje mwambie chakula tayari. Na hili? Kwa wachumba, linasema nisipokuona nitakufa. Hilo lipunguze, shoga, lipunguze tena, ehe, hapo sawa. Na hili? Kwa daktari. Hilo usiliguse, lipitishe lilivyo na ulikimbize. Na hili, la muuza samaki, anasema anapata hasara? Wote wawili wanaangua kicheko, wanalifunga kanga ya nakupenda mteja wangu, linaondoka. Hakuna neno wanalolichoma moto. Hakuna wanaloliita uongo, kwa sababu ndani ya nyumba yake kila neno lina kiti chake na mwenyeji anayelijua. Kazi ni pale mlangoni tu, nini kitoke kilivyo, nini kivuliwe, nini kivishwe, na nini kibaki ndani hakina haja ya kutembea. Havijawa anakumbuka chuoni mwalimu aliliandika ubaoni, muktadha, neno zito zito, akasema kila ukweli unasemwa ndani ya muktadha, wakalinakili, wakajibia mtihani, wakafaulu. Lakini hakuwahi kuliona likiwa limekaa kwenye kibao cha mbuzi linakula karanga.

Anawauliza akina mama, kwa adabu zote, shikamoo mama zangu, haya yote mlifundishwa na nani? Wanatazamana. Mmoja anasema, mwanangu, sisi tunaishi nyumba yenye watu. Ukiishi na watu utajua tu lipi la kutoka nalo na lipi la kuliacha chumbani. Mwingine anamtazama vizuri, halafu anamgusa mwenzake kwa kiwiko: shoga, huyu si ndiye yule mtoto wa Mkwela, aliyeanika maneno ya watu uchi juani? Ndiye. Maskini, na kasoma. Wanacheka tena, lakini si kwa ubaya, wanamsogezea karanga, na Havijawa anakula, na karanga zina ladha ya nyumbani kwao.

Lakini msomi ni msomi. Akishaona nyumba anataka kuona ukingo wa mji. Anajisemea, zote hizi ni nyumba, sawa, basi lazima iko nyumba moja kubwa iliyozibeba zote, isiyo na nje, na humo maneno yapo kama yalivyo bila mlango wala kanga, na nikiipata hiyo nitamwingiza Bi Kujua humo na kazi itakwisha. Anaona ngazi, anapanda. Yule asiye na uso anamfuata nyuma, jiwe lake la kunolea linalia kidogo kila hatua. Wanatokea juu ya paa, na paa si paa, ni uani kwa watu wengine, wanafua nguo, wanawakaribisha. Wanapanda tena, dari ya hao ni sakafu ya wengine, na hao wana kalenda yao na majirani wao na vitu wanavyovijua bila kuambiana. Wanapanda tena. Kila anapofika anadhani kafika nje, na kila nje ina kizingiti, na kwenye kizingiti wamekaa akina mama wawili. Mwisho anakaa ngazini, miguu inamwaka. Hakuna nje? anauliza. Nje ipo, anasema yule, lakini nayo ina wenyewe. Anaongeza fumbo: nyumba gani haijengwi na fundi, haina msingi, na kila mtu anadhani kazaliwa nje yake? Havijawa anatazama chini, anaona mji wote umewaka taa mchana, nyumba ndani ya nyumba, paa juu ya paa, na maneno yanapishana milangoni yakivua na kuvaa bila kugongana, na badala ya kukata tamaa anaona raha ambayo hajawahi kuipata kwa kompyuta yoyote. Imejengwa vizuri, anasema taratibu. Imejengwa vizuri jamani. Hakuna aliyeichora na haijaanguka.

Basi rudi kwenye nyumba yako, anasema yule, na mara ngazi inateremka yenyewe, na mbele kuna pazia lenye maua mekundu. Havijawa anafunua. Ni kwao, ni siku ya msiba wa baba yake. Anajiona mwenyewe amekaa kwenye mkeka, macho makavu, tangu baba afumbe macho hajala, hajalia, hajamjibu mtu. Mama yake, Bi Zaituni, kajikunyata pembeni. Na Lugusha huyo anaingia, kavaa gunia, kajipaka unga, anaangusha maneno kama anapanga ugomvi. Nani kamruhusu mtumwa wangu afe? Nilimnunua kwa chumvi, tena chumvi mbichi, na hata kubeba mzigo hajui, hawa Wazaramo wanajua kucheza ngoma tu. Na huyu mjane ni mke wangu, jamani, nimekuja kumchukua na masufuria yake. Anapanda kwenye jeneza, analala, anakoroma. Zamani Havijawa aliyasikia haya, na juzijuzi aliyasikiliza tena kwenye kanda, lakini leo yumo ndani, anatazama, na anaona kile ambacho kanda haikuchukua. Anaona kwamba wakati mdomo wa Lugusha unamdai mjane, mikono yake inamtandikia mjane mkeka upande usio na upepo. Wakati mdomo unasema mtumwa, mikono inachana sanda, inapima, inakunja pembe kwa upole kama wa mama. Ndiye anayetangulia na koleo. Ndiye anayebaki makaburini watu wakishaondoka, anasawazisha udongo, bado anatukana, peke yake, kwa sauti ya chini. Bi Kujua alisikia mdomo, mikono hakuiona.

Havijawa anageuka kumwangalia yule aliyemwongoza, na ule uso laini unaanza kuchimbika, jicho hili, jicho lile, pua pana, pengo la mbele, mpaka Lugusha mzima anasimama, jiwe begani, anamcheka. Kumbe una uso, Havijawa anasema. Ninao, anasema Lugusha, ila nje ya nyumba hii hakuna pa kuuvalia. Halafu bila kuvuta pumzi: na wewe mtumwa mtoto wa mtumwa, wamekusomesha ukatengeneza bibi asiyejua mzaha? Bibi gani huyo, hata kuolewa haolewi. Havijawa anataka kumjibu kama mtani anavyojibu, lakini anajikuta anaomba radhi. Anamwambia, mtani, nisamehe, nikiyaacha maneno yako wewe ni adui, nikiyafuta wewe si mtu, na alasiri hiyo inakuja. Lugusha anaacha kucheka. Ndiyo mara ya kwanza Havijawa anamsikia akisema neno lililonyooka, na analisema kwa shida, kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima. Usiyafute, anasema. Mimi shamba sikuacha, mtoto sikuacha. Nilichoacha Misufini ni matusi yangu. Nijengee nyumba nikae nayo, uweke na mlango. Na mimi leo nani atanitukana? Baba yako nilimsindikiza nikimtukana mpaka kaburini. Msinipeleke kimya kimya kama mgeni. Halafu anaona aibu kwa kusema hivyo, anachota unga mfukoni mwa gunia, anampaka Havijawa shavuni, kofi zima, kama alivyompaka siku ile, na yule Havijawa wa kwenye mkeka na huyu aliyesimama wanacheka pamoja, na kicheko kinageuka kilio, na kilio kinampasua usingizi.

Magodoro. Kompyuta imezimika kioo, bado iko mapajani. Nje vitunguu vimeungua na wanawake wanatuhumiana. Jua halijasogea sana. Havijawa anawasha na kuanza kazi. Ndani ya Bi Kujua anajenga nyumba, anaiita Utani wa Misufini, anaingiza humo maneno yote ya Lugusha, hafuti hata moja, na kila neno analivika msemaji, na msemwa, na msiba wenyewe, na vicheko vilivyofuata anavirudisha mahali pake. Mvua Inanyesha na Mvua Hainyeshi wataamuliwa wiki ijayo. Halafu mlangoni anaweka kanuni moja, anaiandika kwa maneno mepesi kama angemwambia shoga yake kwenye kibao cha mbuzi: tusi la mtani kwa mtani, likiwa ndani libaki tusi, likitoka nje lisomeke kwamba huyu ni wetu na sisi ni wake. Anamuuliza Bi Kujua, Lugusha ni nani? Bi Kujua anajibu. Ndani ya utani, ni bwana aliyemnunua Mkwela kwa chumvi. Nje ya utani, ni ndugu wa nyumba ya Mkwela, na wenye msiba ni nyumba ya Mkwela. Havijawa anampelekea Bwana Kamugisha. Simu inaita. Dada, Bwana Kamugisha anasema, gari linatoka sasa hivi. Anasita, halafu anacheka peke yake huko aliko. Hata mimi, shemeji yangu ninayetaniana naye akifa, mtu wa mbali asinisikie nitakayoyasema.

Havijawa anafunua pazia, anatoka. Bi Zaituni, mkono mmoja kwenye sufuria la wali, anamtazama, anakunja uso. Mwanangu, umetoka wapi na huo unga? Leo hatujasonga ugali. Havijawa anagusa shavu. Vidole vinarudi vyeupe. Anaangalia nyuma, chumba ni kile kile, magodoro ni yale yale. Mama yake anamkazia macho, anautazama ule unga, alama za vidole vinne vinene, na taratibu anashusha mwiko. Anajifunika kanga vizuri tu, kama mtu aliyeona mgeni akiingia.

Gari linafika. Wanaume wanamteremsha Lugusha, wanamleta kwake, maana kwake ni hapa, wanamsalia, wanambeba kumpeleka makaburini, na nyumba nzima imetulia utulivu ule wa kutisha, kila mtu anasubiri kitu na hakijui, kwa sababu aliyekuwa akifanya kazi hiyo ndiye aliyebebwa. Hapo Havijawa anatoka mbele, anasimama katikati ya mlango, mikono imekamata miimo yote miwili. Hapiti mtu, anasema. Mnampeleka wapi mtumwa wetu? Nani kampa ruhusa ya kulala mchana, Mnyamwezi mzima, na visu vya mtaa mzima ni butu? Na amemwoa mama yangu kwa maneno miaka yote hii, hata sufuria moja hajaleta. Dereva wa gari, mgeni wa watu, anashika kichwa. Wabebaji wanatazamana. Halafu kutoka nyuma ya sufuria Bi Zaituni anapaza sauti, mume gani huyo, kwanza anakoroma, na nyumba inalipuka, wanaume wanashindwa kushika jeneza vizuri kwa kucheka, akina mama wawili waliokaa kizingitini kwenye vibao vya mbuzi wanapigana viganja, na Havijawa anawaona, anawatambua, anataka kukumbuka kama walikuwepo tangu asubuhi au wamemfuata. Nyuma yake pazia lenye maua mekundu linapepea, upepo haupo. Mahali fulani, karibu sana, jiwe la kunolea linalia. Hajui kama ametoka nyumba ile kuingia hii, au bado hajatoka kwenye ile, na hajui juu ya paa hili wanakaa akina nani. Anachojua ni kwamba jeneza liko mbele yake, linangoja, na mwenyewe aliomba asipelekwe kimya kimya. Basi anajifuta machozi kwa mkono wenye unga, anavuta pumzi, na anaongeza tusi jingine.